Wimbo uliosemwa kufufua wafu

Wakati wa likizo iliyopita tuliona jambo katika chapeli moja isiyo mbali na Lushebere, nalo ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi. Kijana mmoja wa korali alikuwa akipiga gitari aliyoitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta na nyaya za freni ya baiskeli. Mwanzoni alipiga vibaya, na watoto walimcheka. Baada ya miezi michache alipiga vizuri kupita wote, hata wakristu wa chapeli za jirani wakaja kumsikiliza. Ndipo maneno yakaanza. Mmoja akasema kwamba mtu hajifunzi upesi namna ile bila dawa. Mwingine akasema amemwona usiku akirudi na gitari yake kwa njia ya makaburi. Juma halikwisha, wakubwa wa korali wakamwomba aache kwanza kupiga, mpaka maneno yatulie. Maneno hayakutulia. Kijana ndiye aliyenyamaza. Na sisi waseminari tuliokuwa pale tulisikia yote, wala hatukusema neno.

Tuliporudi masomoni tulikuta wenzetu wakizungumza juu ya sinema ya Bwana Jacques Sarasin, On the Rumba River, ya mwaka 2007, inayoonyesha uzee wa mwimbaji Wendo Kolosoy. Tuliitazama pamoja, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: habari tunazosimuliwa juu ya waimbaji na orkestra zao, tuzipokee namna gani? Hilo si swali la mchezo. Mwenye kuzipokea vibaya anaweza kumharibu mtu.

Kwanza tuseme Wendo alikuwa nani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Mushie, akawa yatima angali mtoto. Alianza kupiga gitari mapema, kisha akafanya kazi ya fundi wa mashine katika meli za mto Kongo. Tufikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Meli hupanda na kushuka, hulala katika vituo, na katika kila kituo kuna watu wa kabila jingine wenye nyimbo nyingine. Kwa kijana mwenye masikio, mto ule ulikuwa shule. Katika miaka ya 1940 alikuwa tayari na kundi lake katika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgriki, Bwana Nico Jéronimidis, alifungua huko nyumba ya kutengeneza disiki iliyoitwa Ngoma, na mwaka uleule Wendo na mpiga gitari Henri Bowane wakatoa wimbo Marie-Louise. Wimbo huo ulienea upesi katika Kongo, ukapita hata mipaka yake.

Kisha ikaja hadithi. Watu walisema kwamba Marie-Louise ukipigwa usiku wa manane, wafu wanaamka. Habari zilizoenea, naye Wendo mwenyewe alizisimulia katika uzee wake, zinasema kwamba mapadri waliukasirikia wimbo huo, kwamba ilimpasa aondoke Léopoldville, na kwamba alifungwa huko Stanleyville, ndiyo Kisangani. Wengine huongeza kwamba alitengwa na Eklezya. Baada ya kifo cha Patrice Lumumba mwaka 1961, Wendo, aliyekuwa rafiki yake, aliacha muziki kwa miaka mingi. Alirudi katika miaka ya 1990, mzee tayari, akatoa disiki tena, akaenda kuimba Ulaya, akafa Kinshasa tarehe 28 Julai 2008.

Sasa tuseme juu ya sinema yenyewe. Uzuri wake ni mkubwa, nao ni huu: haina haraka. Inawaacha wazee waketi, wafunge nyuzi, wakohoe, wacheke, waanze wimbo na kuuacha na kuuanza tena. Tunaona mikono iliyochakaa, na mara inaposhika gitari inakuwa mikono ya kijana. Tunaona mto. Tunaona pia kwamba mwanamuziki mzee hakumbuki kwa kichwa tu: anakumbuka kwa vidole, na wimbo ukianza, jina la rafiki aliyekufa linarudi lenyewe. Mtu anayejiandaa kuwa padri na kuwasikiliza wazee maisha yake yote anaweza kujifunza hapo uvumilivu.

Lakini sinema hiyo ina kasoro, nayo si ndogo. Haitoi maelezo ya kutosha juu ya miaka na mambo yaliyotokea. Mtu asiyejua historia ya nchi yetu anatoka na picha nzuri ya mzee wa ajabu, na hadithi ya wafu inabaki kama ua lililowekwa juu ya meza. Sisi tungependa Wendo aulizwe maswali ya kazi. Nani alikufundisha kufunga nyuzi? Wewe na Bowane mligawana kazi namna gani? Mlilipwa nini kwa disiki ile? Maana hadithi ya ajabu inapendeza sikio, lakini inaiba jasho la mtu. Tukisema kwamba wimbo una nguvu kwa sababu unaamsha wafu, hatutauliza tena Bowane alifanya nini kwa gitari yake. Na Bowane ndiye anayetajwa mara nyingi kati ya wale walioiingiza sebene katika muziki wetu, yaani pale waimbaji wanaponyamaza na magitari yakaendelea peke yake, watu wakainuka kucheza.

Sisi tunaona kwamba huenda neno lile la kufufua wafu lilianza kama msemo tu. Watu wetu husema namna hiyo kila siku. Wakisifu pombe kali, wanasema inaangusha tembo. Wakisifu ngoma, wanasema hata kiwete alisimama. Na usiku wa kilio, watu wanapokesha na kusinzia karibu na moto, wimbo mzuri huwainua waliolala kama maiti. Kutoka msemo mpaka ushuhuda ni hatua moja tu: inatosha mtu mmoja asimulie bila kucheka. Kisha mwingine anaogopa, na mwenye woga haulizi tena.

Msidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Kongo tu. Waingereza na Wamarekani wana muziki wao unaoitwa roki, na makundi yake yamejaza dunia kwa magitari ya umeme. Ukiwauliza wapenzi wa roki chanzo chake, wengi watakupeleka kwa mtu mweusi maskini wa jimbo la Mississippi, jina lake Robert Johnson, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufa mwaka 1938. Alirekodi nyimbo 29 tu, huko Texas, mwaka 1936 na 1937. Mwaka 1961 nyimbo zake zilitolewa tena katika disiki kubwa, na vijana wa Uingereza wakazisikia. Kundi la Cream lilirekodi mmoja wa nyimbo hizo mwaka 1968, na kundi la Rolling Stones lilitoa mwingine mwaka 1969. Hivyo mtu aliyezikwa bila heshima akawa babu wa orkestra tajiri.

Je, wanasimulia nini juu yake? Wanasema kwamba mwanzoni hakujua kupiga, wakubwa wakamcheka, akaondoka, na aliporudi alipiga kupita wote. Kumbe alikwenda usiku penye njia panda, akamwuzia shetani roho yake! Hadithi hiyo imeuza vitabu na sinema nyingi. Lakini waliotafuta kwa bidii walipata mambo mawili. La kwanza: hadithi ya njia panda ilisimuliwa kwanza juu ya mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, na aliyeisimulia ni ndugu yake. La pili ni kubwa zaidi. Robert Johnson alikuwa na mwalimu, jina lake Ike Zimmerman, na jamaa ya mwalimu huyo walieleza kwamba wawili hao walikwenda usiku kujifunza makaburini. Kwa nini makaburini? Kwa sababu pale palikuwa na utulivu, wala hawakumsumbua mtu. Basi, makaburi yalikuwapo kweli, na usiku ulikuwapo kweli. Shetani ndiye aliyeongezwa na watu, na mwalimu ndiye aliyeondolewa.

Tulipofika hapo tulinyamaza wote, tukamkumbuka kijana wetu wa gitari ya debe.

Kabla ya kurudi kwake, tutazame mfano wa tatu, wa mtu aliyeimba katika Kiswahili. Katika Katanga alikuwako Jean-Bosco Mwenda, wa ukoo wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimsikia Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo wake Masanga ukajulikana mbali. Mwenda alifika Nairobi, na mwaka 1969 aliitwa Marekani kupiga katika sikukuu ya muziki ya Newport. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Juu yake hatusikii sana habari za wafu wala za njia panda. Tunasikia nini? Tunasikia kwamba alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, kidole gumba na kile kinachokifuata, gumba likishika nyuzi za chini kama ngoma, kidole cha pili kikiimba juu. Tunajua hayo kwa sababu walikuwako waliomtazama na kumwuliza. David Rycroft aliandika nota za gitari yake moja moja, na mwingine, John Low, alisafiri mpaka Lubumbashi mwaka 1979 kukaa naye na kujifunza. Hapo muziki haukupungukiwa na ajabu yake. Ajabu iliongezeka, maana sasa tunajua kwamba vidole viwili vinaweza kufanya kazi ya watu watatu.

Na orkestra zetu kubwa nazo, chanzo chao si siri. OK Jazz ilipata jina mwaka 1956 kutoka baa ya Bwana Oscar Kashama, palipoitwa OK Bar. Baadaye tu watu walipenda kusema kwamba herufi hizo ni Orchestre Kinois. Luambo Makiadi, aliyeitwa Franco, alikuwa mtoto wa mama aliyeuza mikate ya mafuta sokoni, na gitari yake ya kwanza ilikuwa ya debe. Kabasele, aliyeanzisha African Jazz mwaka 1953, alikuwa wa ukoo mmoja na Kardinali Malula. Debe, soko, baa, ukoo: ndiyo mizizi. Aibu iko wapi? Mti hauoni haya kwa sababu ya udongo.

Sasa tuje kwetu wenyewe, watu wa Eklezya, maana katika habari ya Wendo sisi tunasimama upande wa washitakiwa. Wengine watasema: haya ni masingizio ya wanamuziki. Wengine watasema: mapadri wa zamani walichukia kila kitu cha watu weusi. Tunaona kwamba wote wawili wanakata maneno upesi.

Inafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi, katika sheria yake ya mwaka 1903 juu ya muziki mtakatifu, alikataza piano kanisani, na ngoma na vyombo vingine vya kelele. Alikuwa akifikiri hasa juu ya Italia, ambako nyimbo za michezo ya jukwaa zilikuwa zimeingia mpaka altareni. Padri aliyefundishwa kwa sheria hiyo, akifika Kongo na kusikia gitari ya baa, alidhani anailinda nyumba ya Mungu. Tusimhukumu kana kwamba alikuwa na vitabu vyetu. Mwaka 1955 Pio wa Kumi na Mbili aliwahimiza wamisionari waheshimu nyimbo za mataifa. Mwaka 1958 ulimwengu ulisikia Missa Luba, iliyotoka katika korali ya Kamina aliyoiongoza Padri Guido Haazen, Mfransiskani. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulisema wazi kwamba muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa namna ya majimbo ya Zaire, ambamo watu huimba na kucheza mbele ya Bwana. Njia ilikuwa ndefu, lakini ilitembewa.

Hata hivyo, sheria juu ya vyombo ni jambo moja, na kuamini uvumi juu ya mtu ni jambo jingine. Padri anaweza kusema gitari hii isiingie kanisani. Hapo hamdhulumu mtu. Lakini akisema mtu huyu anaamsha wafu kwa sababu amesikia watu wakisema, hapo amekuwa mwanafunzi wa walozi badala ya kuwa mwalimu wao. Maana mlozi naye anaamini kwamba sauti nzuri haiwezi kutoka kwa Mungu na kwa kazi. Kama mambo yalikwenda jinsi Wendo alivyosimulia, basi kosa halikuwa ukali. Kosa lilikuwa kuamini upesi mno. Na matunda yake tunayajua: baada ya miaka mingi, hadithi ingali inaishi, na marufuku yenyewe ndiyo iliyoipa miguu.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha maungamo yake, alijiuliza kwa uchungu kama haifai kuziondoa kabisa nyimbo tamu masikioni mwake, kwa kuwa aliogopa utamu wake. Lakini alikumbuka machozi aliyotoa aliposikia nyimbo za kanisa mwanzo wa imani yake, akaona kwamba wimbo husaidia. Tazameni: aliuchungua moyo wake mwenyewe, hakumchungulia mwimbaji usiku. Na katika Maandiko, Daudi alipopiga kinubi mbele ya Sauli, pepo mbaya alimwacha mfalme. Mwenye kuwa na pepo hakuwa mpiga kinubi! Alikuwa mkubwa aliyekaa kitini akisikiliza, ambaye baadaye alimtupia mkuki kijana aliyemsaidia.

Basi, tulikwenda kuuliza. Tulirudi kwenye chapeli ile, tukamkuta kijana shambani, tukamwuliza neno ambalo hakuna mtu aliyemwuliza: nani alikufundisha? Akatutazama kwa muda, kisha akatuongoza kwa njia ya makaburi. Upande wa pili, nyumba ya tatu, anakaa mzee mmoja aliyepiga gitari tangu ujana wake. Alizisikia disiki za Katanga katika maduka ya wafanyabiashara, akazishika kwa sikio. Alipiga katika ndoa, katika vilio, na katika Misa ilipokubaliwa. Kijana alikwenda kwake jioni baada ya kazi ya shamba, akarudi usiku. Njia nyingine haipo. Ndiyo siri yote.

Tulipomwomba mzee atukumbushe habari zake, alitutajia korali moja baada ya nyingine, na waliotunga nyimbo ambazo tunaziimba mpaka leo bila kujua ni za nani. Tulimwuliza kama majina hayo yameandikwa mahali. Akasema yalikuwa katika madaftari, na madaftari yalipotea watu walipokimbia vita. Kisha akapiga wimbo mmoja, polepole, kwa vidole viwili. Kijana akamjibu kwa gitari ya debe. Tulimsikia mzee akisema: "Huyu amenipita. Nyinyi mnasema ni dawa. Mimi nasema ni kichwa ngumu. Nilimfukuza mara tatu, akarudi."

Wasomaji wapendwa, sisi hatusemi kwamba kila wimbo ni mzuri, wala kwamba kila mwanamuziki ni mtu wa haki. Tumewajua waimbaji walioharibu nyumba zao kwa pombe, na orkestra zilizosifu wakubwa ili zipate pesa. Hayo yahukumiwe kwa jina lake. Tunasema tu kwamba mtume Paulo aliwafundisha Watesalonike kupima yote na kushika lililo jema, na mtu hawezi kupima kitu ambacho hakukishika mkononi.

Kwa hiyo tunatoa shauri, hasa kwa makatekista, ambao ndio wa kwanza kusikia maneno ya vijiji. Mkisimuliwa habari ya ajabu juu ya mpiga gitari, ulizeni kwanza: aliyeona ni nani? Pili: mwanamuziki mwenyewe anasema nini juu ya kazi yake, saa zake na mwalimu wake? Tatu: nani anapata faida habari hii ikienea, na nani anaumia? Kuuliza si ujinga. Na ninyi mnaokaa na wazee wa muziki, chukueni daftari. Andikeni wimbo, mtungaji, mwaka, mahali. Fanyeni daftari mbili, moja ikae kwenye parokia na nyingine mbali, kwa sababu tunajua nchi yetu.

Kijana wetu amerudi katika korali. Wakubwa wake hawakuomba msamaha kwa maneno, lakini walimpa kiti cha mbele. Sisi tulimwomba msamaha kwa maneno, maana tulikuwa tumenyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa sehemu ya uvumi ule. Alicheka, akasema nyuzi za freni zimeanza kukatika, kama tunaweza kumtafutia nyingine huko Goma. Tumezitafuta, na zimekwisha kupelekwa.